Kupanga Mwaka wa Mafunzo Endelevu: Mwongozo kwa Mawakili Wanaohudumu Kenya

Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 yote ilikuwa kinyume cha Katiba. Mwezi Agosti Mahakama ya Juu ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba ikautengua. Wakili aliyemwandikia mfanyabiashara ushauri wa kodi mwezi Septemba kwa kuitegemea hukumu ya Julai pekee alimpotosha mteja wake, hata kama kabatini mwake mlikuwa na vyeti vya semina za kodi alizohudhuria mwaka uliotangulia. Sheria ya nchi hii hubadilika kwa kasi ya namna hiyo, na mteja anayelipia ushauri ana haki ya kuamini kwamba anayempa anaijua sheria ilivyo siku hiyo.

Mwongozo huu unawahusu mawakili wanaohudumu Kenya, hasa wale walio katika ofisi ndogo za wakili mmoja, wawili au watatu, ambazo hazina idara ya mafunzo wala karani wa maktaba. Kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia mafunzo endelevu ya mawakili zinamtaka kila wakili apate pointi 5 katika mwaka wa kuhudumu, nacho Chama cha Wanasheria Kenya, LSK, ndicho kinachosimamia hesabu hiyo. Mawakili wengi wanazijua pointi hizo vizuri mno, kiasi kwamba swali linaloulizwa kila Novemba ni wapi zitapatikana upesi na kwa bei nafuu. Ninaliona swali hilo kuwa la mwisho kwa umuhimu. Wakili akipanga masomo yake kutokana na kazi anayoifanya, pointi zitapatikana zenyewe. Akianza na pointi, anaweza kuzipata zote tano na asijifunze lolote litakalomfaa mteja hata mmoja.

Nchini Uingereza mawakili wa kundi la solicitor, yaani wale ambao kazi yao kubwa ni kuwashauri wateja na kuandaa hati, walidaiwa kwa miaka mingi saa 16 za mafunzo kila mwaka, hadi msimamizi wao alipoliondoa sharti hilo Novemba 2016 na badala yake kumtaka kila wakili apime mwenyewe mapungufu yake, apange namna ya kuyaziba na aweke kumbukumbu ya alichofanya. Hapa kwetu hesabu ya pointi ingalipo na ni lazima itimizwe. Hakuna kanuni, hata hivyo, inayomzuia wakili wa Kenya kufanya yote mawili kwa pamoja, na hatua zifuatazo zinaonyesha namna.

Hatua ya kwanza: Fahamu sheria inakudai nini, na lini

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinataka mambo matatu kabla mtu hajatenda kazi kama wakili: awe ameapishwa, jina lake liwe katika Orodha ya Mawakili, na awe na cheti cha kuhudumu kilicho hai. Mwaka wa kuhudumu huanza tarehe 1 Januari na kumalizika tarehe 31 Desemba. Kifungu cha 24 kinaeleza jambo ambalo wengi hulipitia juu juu: cheti kinachotolewa ndani ya mwezi wa kwanza huhesabiwa kuwa kilianza kazi tangu mwanzo wa mwezi huo, lakini kinachotolewa baadaye huanza kazi siku kilipotolewa. Wakili ambaye ombi lake limekwama hadi Machi kwa sababu pointi za mwaka uliopita hazikutimia ameacha pengo la wiki kadhaa ambamo hakuwa na haki ya kutia saini hati wala kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu.

Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati ya rehani haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeitayarisha hakuwa na cheti cha mwaka huo. Wapo walioipokea hukumu hiyo kama faraja kwa mawakili, na sikubaliani nao. Mahakama ilikuwa ikiwalinda wananchi na wafanyabiashara waliomwamini wakili bila kujua hali yake. Wakili mwenyewe bado anabaki na kosa lake mbele ya sheria na mbele ya Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili. Isitoshe, siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuliandika jina lako katika ukurasa wa utafutaji wa LSK na kuona kama una cheti hai. Mawakili wa upande wa pili huangalia ukurasa huo, na benki vilevile.

Kabla ya kupanga lolote, fungua akaunti yako katika mfumo wa LSK na utazame mambo mawili: idadi ya pointi zilizokwisha kuandikwa kwa jina lako, na masharti yaliyotangazwa kwa mwaka husika, kwa kuwa chama kinaweza kutoa maelekezo kuhusu aina ya mafunzo yanayokubalika. Mwanasheria wa Serikali anayehudumu chini ya kifungu cha 10 cha Sheria ya Mawakili asome kifungu hicho pamoja na taratibu za ofisi yake, kwa sababu masharti ya cheti hayamgusi kwa namna ileile. Hatua zinazofuata zitamfaa hata hivyo.

Hatua ya pili: Pitia mafaili yako kabla ya kutazama tangazo lolote la semina

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Tenga alasiri moja katika wiki mbili za kwanza za Januari, mahakama zikiwa bado hazijaanza kuchangamka. Toa mafaili yote yaliyofungwa mwaka uliopita pamoja na yale yanayoendelea, na kwa kila faili jiulize maswali matatu. Je, kuna mahali mteja aliuliza jambo nikamjibu kwa kubahatisha, au nikamwambia nitamjibu kesho ili nipate nafasi ya kutafuta? Je, kuna mahali hakimu, jaji au wakili wa upande wa pili alitaja uamuzi au kanuni ambayo sikuwa nimeisoma? Je, kuna hati niliyoinakili kutoka katika kiolezo cha zamani bila kujua kama vifungu vyake bado vinafaa?

Andika majibu kwa maneno mafupi katika karatasi moja, bila kutaja jina la mteja, ili karatasi hiyo uweze kumwonyesha mwenzako bila kuvunja siri. Usijihukumu wala usipambe. Karatasi ikijaa mambo kumi na matano, hiyo ni dalili kwamba umesoma mafaili kwa uaminifu.

Chukua mfano wa wakili wa Mombasa ambaye kazi yake kubwa ni uuzaji na ununuzi wa ardhi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja kilicho karibu na ufuo wa Nyali. Kiwanja hicho kiligawiwa mara ya kwanza mwaka 1989, kikauzwa, kisha kikauzwa tena, hadi serikali ya kaunti ilipouvunja ukuta mwaka 2017 ili kufungua njia ya umma ya kwenda ufuoni. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati, naye alidai kwamba alinunua kwa nia njema. Mahakama ilisema kwamba hati peke yake haitoshi: lazima chimbuko lake lichunguzwe, na kama ugawaji wa mwanzo wa ardhi ya umma haukufuata sheria, nia njema ya mnunuzi wa baadaye haiwezi kuisafisha hati hiyo. Sasa fungua faili la ununuzi ulioshughulikia mwaka jana. Iwapo uchunguzi wako uliishia kwenye cheti cha utafutaji kutoka ofisi ya usajili, bila barua ya ugawaji, bila ramani ya upimaji, bila kuuliza kiwanja kilikuwa nini kabla ya kugawiwa, basi umepata mada yako ya kwanza ya mwaka, na hukuihitaji semina yoyote kuigundua.

Wakili wa kesi za familia atakuta jambo la namna hiyo katika mgawanyo wa mali ya wanandoa. Januari 2023, katika kesi inayotajwa kwa herufi za JOO dhidi ya MBO, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa katika ibara ya 45 ya Katiba haumaanishi kwamba mali hugawanywa nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja ataonyesha mchango wake. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inauhesabu kuwa mchango pia ule usio wa fedha, ikiwamo kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo. Kwa hiyo swali linalopaswa kuandikwa katika karatasi ni la ushahidi: mwanamke aliyelea watoto na kulima shamba kwa miaka ishirini bila kutunza hata risiti moja, ninamsaidiaje kuuthibitisha mchango wake? Swali hilo likiwa kichwani mwako, utaingia katika semina ya sheria ya familia ukijua unachokitafuta.

Hatua ya tatu: Chagua mambo matatu, usizidishe

Kutoka katika karatasi hiyo chagua mada moja ya eneo lako kuu la kazi, mada moja inayohusu uendeshaji wa ofisi, na ustadi mmoja. Mengine yahifadhi kwa mwaka unaofuata. Wakili anayejaribu kujifunza kila kitu katika mwaka mmoja huishia kusikiliza mengi na kushika machache.

Mada ya eneo kuu haihitaji maelezo zaidi, kwa kuwa mafaili yamekwisha kukuonyesha. Mada ya uendeshaji wa ofisi ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoweza kumgharimu wakili taaluma yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2023 ya sheria za kupambana na utakatishaji wa fedha, mawakili wa Kenya wameingizwa katika orodha ya wanaowajibika kutoa taarifa pale wanaposhughulikia miamala fulani kwa niaba ya wateja, kama vile ununuzi na uuzaji wa ardhi, usimamizi wa fedha na akaunti, na uundaji wa kampuni. LSK imepewa jukumu la kuwasimamia mawakili katika jambo hilo. Februari 2024 Kenya iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na shirika la kimataifa la kupambana na uhalifu huo, FATF, jambo linaloonyesha kwamba suala hili halitapita kimyakimya. Wakili anayepokea milioni kadhaa katika akaunti ya wateja ili kukamilisha ununuzi wa nyumba anapaswa kujua amtambue vipi mteja, ahifadhi nini katika kumbukumbu, na siri ya mteja inaishia wapi. Swali hilo la mwisho ni gumu kwelikweli, na linastahili mjadala mrefu kati ya mawakili kuliko saa moja ya slaidi.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inagusa kila kabati la mafaili. Ndani ya ofisi ya wakili mna nakala za vitambulisho, ripoti za daktari, taarifa za benki na majina ya watoto wadogo. Nani anazifikia? Zikitumwa kwa simu ya karani, zinabaki huko kwa muda gani? Halafu ziko kanuni za hesabu za mawakili, zinazotaka fedha za mteja zitengwe na fedha za ofisi. Kuzuilia fedha za mteja ni miongoni mwa malalamiko yanayoifikia mara kwa mara Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na si kila wakili anayelalamikiwa alikusudia wizi. Wako ambao hawakuwahi kufundishwa namna ya kutunza daftari la akaunti ya wateja. Kama una shaka hata kidogo kuhusu daftari lako, chagua mada hii kabla ya nyingine zote.

Kuhusu ustadi, ninapendekeza mawili ambayo ofisi ndogo huyahitaji sasa hivi. La kwanza ni matumizi ya teknolojia. Uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki ulianza katika mahakama za Nairobi Julai 2020 na kupanuliwa nchi nzima Machi 2024, hivyo wakili anayemtegemea karani mmoja kuwasilisha kila hati amejiweka mahali pa hatari siku karani huyo atakapougua. Pamoja na hilo, programu za akili unde zinazoandika hoja za kisheria zimeingia katika ofisi nyingi. Juni 2023 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ambayo hayakuwahi kutolewa na mahakama yoyote, bali yalibuniwa na programu ya namna hiyo. Kujifunza kutumia chombo hicho ni jambo jema, mradi kanuni ya kwanza utakayojifunza iwe kufungua na kusoma wewe mwenyewe kila uamuzi unaoutaja.

Ustadi wa pili ni Kiswahili cha mahakamani. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, na mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Kiswahili. Wakili anayehoji kwa Kiingereza na kusubiri mkalimani hupoteza nusu ya maana ya jibu la shahidi. Mafunzo rasmi ya jambo hili ni machache, lakini mawakili watatu wakikaa pamoja mara moja kwa mwezi na kufanya zoezi la kumhoji shahidi kwa Kiswahili sanifu, watasonga mbele sana.

Hatua ya nne: Tafuta mahali pa kujifunzia

LSK huandaa semina za ana kwa ana na za mtandaoni kwa mwaka mzima, na matawi yake huandaa za kwao. Mkutano mkuu wa mafunzo wa kila mwaka mara nyingi hufanyika Pwani, hasa Diani katika Kaunti ya Kwale. Una manufaa yake, ila gharama za usafiri na malazi ni kubwa kwa wakili mchanga, na hakuna sababu ya kukopa ili uhudhurie. Shule ya Sheria ya Kenya ina kozi fupi za mafunzo endelevu. Tawi la Kenya la taasisi ya wasuluhishi, Chartered Institute of Arbitrators, hufundisha usuluhishi na upatanishi kwa ngazi. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, chenye makao yake Arusha, huwakutanisha mawakili wa ukanda mzima, na huko ndiko wakili wa Kenya anakoweza kujifunza vizuri juu ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambako shauri la mwananchi chini ya ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi miwili tu. Muda huo umewazima walalamishi wengi waliofika wakiwa wamechelewa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba mwandaaji ameidhinishwa na LSK na kwamba tangazo limetaja idadi ya pointi. Kisha tazama jambo lililo muhimu zaidi, yaani nani anafundisha na nini kimeandaliwa. Semina ya sheria ya ardhi inayofundishwa na mtu anayekwenda ofisi ya usajili kila wiki, yenye nyaraka halisi zilizofutwa majina, itakupa zaidi ya hotuba ya mgeni mashuhuri. Muulize mwandaaji kama kuna makala ya kusomwa kabla. Akikujibu kwamba hakuna, fikiria tena.

Usisahau kile kisicholipiwa. Tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, inatoa bure maamuzi ya mahakama na sheria za nchi, pamoja na jarida la kila wiki linaloeleza maamuzi mapya. Wakili anayetenga nusu saa kila Jumatatu asubuhi kulisoma jarida hilo, kabla hajafungua barua pepe, atakuwa mbele ya wengi walio na vyeti vingi kuliko yeye. Usomaji huo huenda usikupe pointi hata moja, lakini ndio ambao ungemwokoa yule wakili wa ushauri wa kodi wa Septemba 2024.

Hatua ya tano: Hudhuria ukiwa umejiandaa

Siku mbili kabla ya semina, soma hukumu au kifungu kikuu kitakachojadiliwa na uandike maswali mawili kutoka katika ile karatasi ya Januari. Ukiwa mtandaoni, ingia kwa jina lako kamili kama lilivyo katika Orodha ya Mawakili ili mahudhurio yaandikwe sawasawa. Tabia ya kuingia katika semina kwa simu huku wakili akisubiri kesi yake itajwe katika mahakama ya mtandaoni kwa kompyuta imezoeleka, na ni lazima isemwe wazi kwamba ni udanganyifu: anayedai pointi kwa saa ambazo hakusikiliza anatoa taarifa ya uongo kwa chama chake, na taaluma hii imejengwa juu ya neno la wakili kuaminika.

Hatua ya sita: Tunza ushahidi

Hifadhi cheti, risiti, ratiba na makala katika folda moja ya mwaka husika. Baada ya wiki mbili angalia kama pointi zimeingia katika akaunti yako. Zisipoingia, mwandikie mwandaaji na chama mara moja, ukiambatisha cheti. Kulidai jambo hilo mwezi Aprili ni rahisi kuliko kulidai wiki ya mwisho ya Desemba.

Hatua ya saba: Yarudishe mafunzo ofisini ndani ya siku saba

Hapa ndipo thamani ya mafunzo inapoonekana au kupotea. Ndani ya wiki moja baada ya semina, fanya mambo matatu.

Kwanza, badilisha hati. Kama umejifunza juu ya chimbuko la hati za ardhi, fungua orodha ya ukaguzi inayotumiwa na ofisi yako katika ununuzi na uongeze vipengele vipya: barua ya ugawaji, ramani ya upimaji, historia ya wamiliki wote, ukaguzi wa kiwanja chenyewe kwa miguu, na swali kwa serikali ya kaunti kama kiwanja kiliwahi kutengwa kwa matumizi ya umma. Kama umejifunza ulinzi wa data, andika upya fomu ya kumpokea mteja. Mafunzo ambayo hayakubadilisha hata hati moja ofisini bado hayajamfikia mteja.

Pili, andika ukurasa mmoja wenye mambo manne: sheria ilikuwaje, sasa ikoje, inagusa mafaili yapi kati ya yaliyo wazi, na nani anapaswa kupigiwa simu. Kipengele hicho cha mwisho nakisisitiza. Mteja ambaye muamala wake bado haujakamilika ana haki ya kuelezwa kwamba sheria imebadilika, hata pale mabadiliko hayo yanapofanya kazi uliyomfanyia ionekane pungufu.

Tatu, fundisha. Waite karani, mwanagenzi na wakili mwenzako mkae dakika arobaini, uwaeleze ulichojifunza na waulize maswali. Mwanagenzi anayefanya mafunzo yake katika ofisi yako atabeba kwa miaka mingi tabia anazoziona kwako, kwa hiyo akikuona ukisoma hukumu mpya na kuirekebisha hati yako mwenyewe, naye atafanya hivyo. Karani pia asiachwe nje, kwa sababu ndiye anayewapokea wateja na ndiye anayepokea vitambulisho vyao.

Hatua ya nane: Kagua mpango mwezi Julai

Katikati ya mwaka itoe tena karatasi ya Januari na uilinganishe na pointi zilizoandikwa. Huenda sheria mpya imepitishwa au uamuzi mkubwa umetolewa, na mada uliyoichagua haina tena uzito uliokuwa nao. Ibadilishe. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka kufikia mwisho wa Juni, hivyo Julai ni wakati mwafaka wa kuingiza mada ya kodi hata kwa wakili asiyejihesabu kuwa wa kodi, kwa sababu ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mtaji vimo katika mauzo mengi ya ardhi.

Kwa aliye mbali na kwa aliyechelewa

Wakili anayehudumu Lodwar, Mandera, Lamu au Marsabit hana sababu ya kukata tamaa. Semina za mtandaoni zimepunguza sana tofauti kati yake na wenzake wa Nairobi, isipokuwa pale intaneti inapokatika katikati ya somo. Amwandikie mwandaaji siku hiyohiyo aeleze kilichotokea, na aombe rekodi. Katika miji hiyo mawakili ni wachache na hujuana. Wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja ahudhurie mafunzo ya mada tofauti, kisha wakutane mara moja kila baada ya miezi mitatu na kufundishana, jambo ambalo ofisi kubwa za mjini hulilipia fedha nyingi. Mahakimu wa vituo hivyo nao mara nyingi hukubali kualikwa katika kikao cha mahakama na mawakili, ambamo mabadiliko ya taratibu hujadiliwa bila gharama yoyote.

Na aliyefika Novemba akiwa na pointi mbili tu asikimbilie semina ya kwanza iliyotangazwa. Atenge jioni moja kwa ile hatua ya pili, hata kama ni kwa mafaili kumi pekee, apate mada mbili zinazomgusa, kisha atafute katika ratiba ya LSK, ya tawi lake na ya Shule ya Sheria mafunzo yanayozihusu. Katika miezi ya mwisho semina huwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na kwa kawaida itapatikana inayomfaa. Akishatimiza pointi, awasilishe ombi la cheti na malipo yake mapema, ili cheti kitoke kabla Januari haijaisha.